Chupa za Visima Kumi na Viwili

Chupa zilikuwa zimeoshwa. Zilipangwa juu ya wavu wa kukaushia kando ya sinki la maabara, ishirini na nne, midomo chini, na Bi Kwanini alizitazama kwa muda mrefu kuliko chupa tupu inavyostahili kutazamwa.

"Nani aliamuru zioshwe?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Mshauri. "Kulikuwa na darasa la mwaka wa kwanza linazihitaji. Chupa zenyewe hazitoshi, Mama."

"Ushahidi wa kesi yako mwenyewe umeuosha kwa sabuni."

Mshauri alisema matokeo yalikuwa yameshaandikwa, na yakishaandikwa chupa huoshwa. Ndivyo maabara inavyoendeshwa tangu zamani. Aliyasema hayo kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. Bi Kwanini alifunga daftari lake. Jina hilo la Kwanini hakupewa na wazazi wake. Alilipata polisi, alikotumikia nusu ya maisha yake kabla ya chuo kumwajiri awakamate wanaoibia mitihani, na ingawa alitumaini litabaki kituoni, wanafunzi walilifufua wiki ya kwanza.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Chuo kilikuwa na mpango wa kuwafundisha utafiti wanafunzi wa shahada ya kwanza, badala ya kuwaacha wangoje mpaka wazeeke. Kila aliyechaguliwa alipewa mtu wa kumshauri na kumwongoza. Safari hii kazi ilikuwa kupima chumvi katika maji ya visima vya mjini, na waliochaguliwa walikuwa wawili: msichana ambaye kila mtu alimwita Nyota, na mvulana aliyeitwa Kinyozi kwa sababu alijilipia chakula kwa kuwanyoa wenzake bwenini. Kila mmoja alikabidhiwa chupa kumi na mbili, kila chupa ikiwa na kibandiko chenye jina la kisima. Nyota alirudi na namba kumi na mbili tofauti. Kinyozi alirudi na namba moja mara kumi na mbili.

Mshauri hakuhitaji kufikiri sana. Kijana alipima chupa moja, akajilaza, akanakili. Huko ni kughushi matokeo, na adhabu ya kughushi ni kufukuzwa chuo.

Msajili, ambaye hakupenda faili lilale mezani kwake, alikuwa ametafuta njia ya mkato. Kijana aandike kwa mkono wake kwamba alighushi, apoteze nafasi kwenye mpango wa utafiti tu, aendelee na masomo yake. Akikataa, kesho anakwenda mbele ya kamati ya nidhamu, na kamati ile haikuwa na sifa ya kumrudisha mtu. Alipewa mpaka ofisi itakapofungwa jioni hiyo. Bi Kwanini alipouliza kama karatasi hiyo ingekaa kwenye faili la kijana, Msajili alisema ingekaa daima. Kwa maana nyingine, hakuna mwalimu ambaye angempa tena kazi ya utafiti, hata ya kubeba ndoo.

"Wewe nenda ukajiridhishe," Msajili alimwambia. "Lakini usinifungulie mambo mapya. Nataka kufunga, sitaki kufungua."

Kinyozi alikuwa nyuma ya bweni, karibu na kamba za kuanikia nguo, mashine mkononi na mteja mbele yake. Alimaliza upande wa pili wa kichwa kwanza, akapangusa shingo ya mteja kwa brashi, akamwaga nywele chini, ndipo akageuka. Bi Kwanini alipenda hilo, ingawa alikuwa na haraka.

"Ulipima chupa ngapi?"

"Zote."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama. Mara ya kwanza nilidhani mita ya chumvi imeharibika. Nikaijaribu kwa maji mengine, ikasoma namba nyingine; mita ilikuwa nzima. Nikaenda kwa Dokta kuomba ushauri."

"Dokta ndiye Mshauri?"

"Ndiye. Akaniambia visima havifanani, nirudie mpaka nipate matokeo yanayoeleweka."

"Ukarudia."

"Nikarudia. Hayakueleweka."

Bi Kwanini alimtazama kama anatania. Hakuwa anatania.

"Ulijua wanataka tofauti. Ungeweka tofauti kidogo tu, leo tusingekuwa hapa."

"Ningeitoa wapi, Mama?" aliuliza Kinyozi, na alionekana anataka kujua kweli.

Alikuwa na kitu kimoja cha kusaidia. Siku ya kwanza, kabla hajafungua hata chupa moja, alizipanga zote kumi na mbili juu ya meza na kuzipiga picha kwa simu. Mama yake hakupata kusoma, naye alitaka kuiona hiyo kazi ya chuo ambayo mwanawe hawezi kuieleza. Vibandiko vilisomeka vizuri. Bi Kwanini alinakili majina ya visima moja baada ya jingine: cha shule, cha kiwanda cha matofali, cha soko la chini, cha machinjioni, na vingine. Maji ndani ya chupa zote yalikuwa meupe na matulivu, wala picha haikuwa na la zaidi.

"Mama amepiga simu asubuhi," Kinyozi alisema huku akisafisha meno ya mashine. "Anasema nisaini. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Ulighushi?"

"Hapana."

"Basi usisaini. Ningoje nirudi."

"Ukichelewa?"

Alimwambia hatachelewa. Ilikuwa ahadi ya kipolisi, ile inayotolewa mtu akiwa tayari amegeuza mgongo.

Aliazima mita ya chumvi maabara, akajifunza kuitumia mlangoni, akapanda pikipiki. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ikiwa visima vya mji huu vinakaribiana chumvi, basi kijana anaweza kuwa mkweli, na mengine yote ni kiburi cha wasomi. Alichovya mita kwenye kisima cha shule akaandika. Alichovya nyuma ya kiwanda cha matofali, akaona namba karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Akajipa moyo, akaenda soko la chini. Huko namba ilikuwa tofauti na zote mbili, na maji yalikuwa makali kiasi kwamba mama aliyekuwa akiteka alimwonya asiyanywe.

Bi Kwanini alisimama pale kisimani, jua limemkaa utosini, akiwa na hasira ambazo hazikuwa na pa kwenda. Kila ndoo iliyopanda ilikuwa inamfunga kijana. Mshauri alisema kweli, visima havifanani, na mtu mwenye akili zake angepanda pikipiki na kurudi kumwambia yule mtoto asaini haraka kabla hawajaghairi. Dereva aliuliza kama wanarudi. Akasema bado kimoja. Hakuwa na sababu yoyote ila kwamba machinjio yalikuwa njiani, na alichukia kuacha kazi nusu.

Kwenye machinjio hakukuwa na kisima. Alizunguka ua mara mbili akifukuza nzi. Mwishowe akaenda kwenye kibanda cha mlinzi kuuliza, na mlinzi, mtu mnene mwenye soga, akagonga sakafu kwa kisigino.

"Unachokitafuta kiko hapa chini, mama. Walikifukia kwa vifusi, wakamwaga zege, wakanijengea mimi ofisi juu yake."

"Lini?"

"Mimi nimekikuta hivihivi. Nimeanza kazi kifungua mimba wangu ananyonya, na mwaka huu kaoa."

Alimfanya arudie. Alipiga goti, akapapasa sakafu yote kwa mkono, kona hadi kona, akatafuta bomba, tundu, ufa. Zege lilikuwa zima. Alipoinuka, magoti yakiwa na vumbi, hasira zake zilikuwa zimepata njia. Chupa ya machinjioni ilikuwapo kwenye picha, imejaa mpaka shingoni. Nani aliteka maji kwenye kisima kilichokufa?

Nyota alikuwa kwenye ukumbi mdogo karibu na ofisi ya Mshauri, anabandika michoro kwenye ubao mkubwa. Alikuwa ameteuliwa kwenda kuyasoma matokeo yake mbele ya watafiti wa vyuo vingine. Michoro ilikuwa mizuri, yenye rangi, na Bi Kwanini alimsifu. Akamwomba amweleze kama anavyomweleza bibi yake. Nyota alieleza vizuri; alikuwa mtoto mwenye ulimi na mwenye akili, jina lake halikuwa la kubahatisha.

"Na hiki kisima chenye mstari mrefu kuliko vyote?"

"Hicho ni cha machinjioni. Chumvi yake ni nyingi sana."

"Kwanini?"

"Damu, kinyesi, maji ya kuoshea nyama. Vyote vinashuka ardhini."

"Maji yake yalikuwaje, ulipofungua chupa?"

"Yalikuwa na harufu kidogo," Nyota alisema. "Na tope. Niliyaacha yatulie kwanza."

"Kisima hicho kilifukiwa kwa zege kabla hujazaliwa. Nimetoka kukikanyaga."

Msichana hakutikisika. Alibandika kona ya mwisho ya mchoro, akaipigapiga kwa kiganja. "Basi waliochukua maji walikosea kisima," alisema.

"Inawezekana. Lakini harufu uliinusa wewe."

Hapo mkono uliacha kupigapiga. Bi Kwanini hakuongeza neno. Kazi hii ilikuwa imemfundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi, na anayeharakisha huishia kuirefusha.

"Zilikuwa sawa," Nyota alisema mwishowe. "Zote. Namba moja, kama za Kinyozi. Nilipima mpaka nikalia. Nikaenda kwa Dokta, akaniambia maneno yaleyale aliyomwambia yeye, nirudie mpaka yaeleweke. Kinyozi akarudi na yaleyale. Mimi nikarudi na yanayoeleweka."

"Uliyatoa wapi?"

"Kichwani. Nilifikiria wapi kuna uchafu, wapi kuna mlima. Dokta alipoyaona alinikumbatia, Mama. Ningemwambia nini baada ya hapo?"

Sasa alikuwa analia bila sauti. Bi Kwanini alimpa leso, akamwambia asiondoke chuoni. Alikuwa amepata alichokitafuta: watu wawili, chupa ishirini na nne, maji ya aina moja. Kilichomkera ni kwamba hakujua bado nani alijaza, na jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili wa jengo.

Ofisini kwake, Mshauri alikataa kuamini. Alikataa akiwa amekaa, kisha akakataa akiwa amesimama. Nyota ametishwa na mwanamke wa polisi, alisema, na mtoto aliyetishwa atakiri hata kuiba mwezi. Bi Kwanini alimwachia amalize, akamuuliza kama yeye mwenyewe aliyateka yale maji. Hapana. Aliyaandaa Mzee.

Mzee ndiye aliyeuanzisha mpango ule, miaka mingi iliyopita, na hata Mshauri mwenyewe alipita mikononi mwake alipokuwa mwanafunzi. Alipokwenda kupasuliwa macho alimkabidhi nafasi yake. Mshauri alizikuta chupa kwenye friji, zimejazwa, zimebandikwa majina, zimegawanywa mafungu mawili. Akawapa watoto waanze kazi.

"Nawe ulipokuwa mwanafunzi wake ulipewa chupa?"

"Kila mtu alipewa. Ndiyo kazi ya kwanza."

"Zako zilitofautiana?"

"Bila shaka zilitofautiana," alisema Mshauri kwa ukali. "Ni visima."

Simu ya Mzee haikupokelewa. Mshauri alichukua funguo za gari, akasema atampeleka mwenyewe ili upuuzi huu uishe. Njia nzima alizungumzia uaminifu katika utafiti, na alizungumza vizuri sana. Walipofika alibaki garini. Alikuwa na simu za kupiga na hakutaka kumsumbua mgonjwa kwa mambo ya watoto.

Mke wa Mzee alimfungulia Bi Kwanini na kumpitisha sebuleni. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, bandeji macho yote mawili, redio ndogo tumboni. Alipoambiwa aliyekuja ni nani na amefuata nini, alizima redio akaanza kucheka.

"Ya bomba," alisema. "Maji yote ni ya bomba. Lile bomba la palepale maabara. Machinjioni kumefukiwa, eh? Majina niliyatoa kwenye ramani ya zamani. Nitabadilisha."

Alieleza kwa furaha ya mtu aliyekosa wa kuongea naye siku nyingi. Kila mwanafunzi mpya humpa chupa kumi na mbili za maji mamoja na majina kumi na mawili. Hamwambii kitu. Kupima, alisema, unaweza kumfundisha mtu kwa siku moja. Anachotaka kujua ni kama mtoto huyu ana uwezo wa kumletea mwalimu wake jibu ambalo mwalimu hataki. Anayeleta namba moja mara kumi na mbili hupelekwa kwenye visima vya kweli. Huambiwa siri siku hiyohiyo, wanacheka, anaapa kutowaambia wanaokuja nyuma. Jaribio hili la sasa alikuwa ameliandaa yeye mwenyewe, kisha hospitali ikamwita mapema, na kwenye pilikapilika akasahau kuyamwaga yale maji.

"Mzee," alisema Bi Kwanini, "kuna kijana anafukuzwa chuo kwa kufaulu jaribio lako."

Kicheko kilikatika. "Alileta namba moja?"

"Mara tatu. Walimrudisha, akaleta ileile."

"Mara tatu," Mzee alirudia, na uso wake chini ya bandeji ukanawiri. "Huyo nilikuwa namngoja."

Bi Kwanini alitamani kumnasa kofi, mgonjwa au si mgonjwa. Badala yake aliuliza lile ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu ofisini kwa Mshauri. "Na wale wanaoleta tofauti? Unawaambia nini?"

Mzee alipapasa redio, akaigeuza, akairudisha. "Hao siwaambii. Nawapa kazi nyingine, za maktaba, za kuandika. Nitamwambiaje mtoto wa watu kwamba nimemshika uongo? Nitamvunja moyo. Wengi hujirekebisha wenyewe."

"Umejuaje?"

Wakati huo mlango wa sebule, ambao mke wa Mzee aliuacha wazi, ulijaa mtu. Mshauri alikuwa amechoka kungoja. Alisimama kizingitini, funguo mkononi, akaonyesha saa yake kwa kidole.

Bi Kwanini alimwona. Angeweza kukohoa. Angeweza kusema, Mzee, tuna mgeni. Alimtazama Mshauri machoni, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Ulipomkabidhi Mshauri kazi yako, kwanini hukumweleza hili jaribio?"

"Ndiyo hapo, binti yangu." Mzee alishusha pumzi. "Ningemweleza, angejua kwamba yeye sikumwambia. Zake zilitofautiana. Tena zilitofautiana vizuri, sijapata kuona nzuri kama zile, kila namba na sababu yake. Nikasema huyu ana akili mno, atajua mwenyewe. Kila mwaka nikasema mwakani nitamwita. Akapata shahada ya pili. Akawa Dokta. Mtu akishakuwa Dokta utamwambia kwa mdomo gani?"

Funguo zililia. Mzee aliinua kichwa, akakigeuza kulia na kushoto kama anayetafuta mbu. "Kuna mtu?"

Jikoni, mke wa Mzee alikuwa anasuuza vikombe.

"Ni mimi, Mzee," alisema Mshauri. "Pole na macho."

Aliondoka kabla ya jibu. Bi Kwanini aliandika maelezo ya Mzee harakaharaka, akamsomea, akamshika mkono aweke dole gumba. Hakumwonea huruma. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu alificha maradhi ya wengine, na sasa mwingine ndiye alikuwa anazikwa.

Barabarani magari yalikuwa yamebanana. Mshauri aliendesha, mikono yote miwili kwenye usukani, na mara mbili taa ziliwaka kijani asiondoke mpaka wa nyuma wampigie honi. Bi Kwanini alimpigia Kinyozi simu, ikaita mpaka ikakata. Akampigia Msajili, simu ikawa inatumika. Alijaribu tena na tena, akawa anaitukana simu kwa sauti ya chini.

"Ungekohoa tu," Mshauri alisema, macho mbele.

"Ningekohoa, ungejua lini?"

Langoni walishuka, wakaenda moja kwa moja ofisini kwa Msajili.

Msajili alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, koti mkononi, mwenye furaha. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja, simu yake imelazwa juu ya meza uso chini kama alivyoelekezwa. Kati yao kulikuwa na karatasi. Bi Kwanini hakuhitaji kuisoma. Aliiona sahihi kwa mbali, ndefu, ya mtu ambaye hajazoea kutia sahihi.

"Nilikuambia uningoje," alisema.

"Nilikungoja, Mama. Mama yangu akapiga tena, analia. Mkuu hapa naye akanieleza vizuri, akaniletea na chai." Kinyozi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Wote walionishauri leo wamenishauri kwa kunipenda. Nikaona mimi ndiye mkaidi."

"Umeandika nini?"

"Kwamba nilipima chupa moja."

Bi Kwanini aliweka maelezo ya Mzee mezani, juu ya ile karatasi, akasema kwa kifupi alichokiona machinjioni, alichoambiwa na Nyota, na kilichotoka bombani. Msajili alisikiliza akiwa amevaa mkono mmoja wa koti. Bi Kwanini alipomaliza, Msajili alisema inasikitisha sana, lakini kijana amekiri kwa mkono wake, bila kulazimishwa, na yeye hawezi kulifungua faili lililofungwa kwa maneno ya mzee asiyeona na msichana aliyetishwa. Kama mlalamikaji angekuwa na shaka, hilo lingekuwa jambo jingine. Mlalamikaji ni Dokta, na Dokta hajasema kitu.

Wote wakamgeukia Mshauri. Alikuwa amebaki mlangoni. Aliyemtazama zaidi ni Kinyozi.

"Dokta, yale maji yalikuwa ya nini hasa?"

"Ya bomba," alisema Mshauri.

"Zote?"

"Zote."

"Basi nilikuwa nimepatia."

"Ulipatia."

Kinyozi aliitazama sahihi yake. Mdomo ulianza kumcheza, akauziba kwa kiganja, akainamisha kichwa, na mabega ya yule kijana ambaye hakutikisika mara tatu zote alizopima yakaanza kutikisika.

Mshauri aliingia. Alivuta kiti cha pili, akakisogeza mpaka kikagusana na cha Kinyozi, akaketi. Alimwomba Msajili karatasi tupu. Msajili akamkumbusha kwamba ofisi imefungwa. Bi Kwanini alifungua droo mwenyewe, akatoa karatasi na kalamu, akaviweka mbele yake.

Mshauri aliandika jina lake, mwaka alioingia kwenye mpango wa utafiti akiwa mwanafunzi, na kwamba namba zake zote alizitunga. Msajili, akisoma juu chini, aliacha kuhangaika na koti. "Dokta," alisema, "ukishaiandika hiyo, mimi siwezi kuirudisha."

Mshauri hakuinua kichwa. "Namba yako ilikuwa ngapi?" alimuuliza Kinyozi.

"Mia nne na kumi."

Mshauri akaiandika. Akashuka mstari, akaiandika tena, na tena, taratibu, moja chini ya nyingine, mpaka zikatimia kumi na mbili.